Jongoo wa Pemba Kwenye Karamu ya Mwaka Mpya wa Wachina

Shangazi yangu wa Madungu anamjua jongoo bahari tangu utoto. Amemkanyaga pwani ya Wesha maji yakipwa, amewaona wavuvi wakimchemsha na kumwanika. Kumla, hajamla. Jioni moja ya Februari nilipomwekea sahani mbele yake aliinama, akatazama, kisha akauliza: "Mwanangu, huyu si wa kuuza huyu?"

Swali lile lina historia ndefu. Pemba imevua jongoo kwa ajili ya meza za watu wengine, na karamu yenyewe hatukuijua.

Karamu hiyo ni ya mkesha wa mwaka mpya wa Wachina, unaoangukia Januari au Februari, wakati kaskazi inavuma kwetu. Wana waliotawanyika hurudi kwa wazazi, na mlo wa usiku huo huwa mkubwa kuliko wowote wa mwaka. Wachina humwita jongoo haishen, maana yake ginseng ya bahari, kwa kuwa humhesabu kuwa ni chakula na dawa pamoja. Katika lugha ya watu wa Guangdong na Hong Kong, jina lake linakaribiana kimatamshi na neno la furaha. Ndiyo maana huko kumweka mezani siku hiyo ni sawa na kuombeana heri.

Vyombo vya China vilifika kwetu zamani sana. Kwenye magofu ya Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, vimeokotwa vigae vya kaure yao. Biashara ya jongoo ilikuja baadaye. Kabla ya Mapinduzi ya 1964 palikuwa na familia chache za Kichina Unguja, na baadhi yao waliishi kwa kusafirisha mazao ya bahari, jongoo akiwamo. Agosti mwaka huo huo wakaja Wachina wa namna nyingine: madaktari kutoka jimbo la Jiangsu. Wenzao wanapokezana Zanzibar hadi leo, ikiwemo katika hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani.

Katika aina za jongoo, anayetafutwa zaidi hapa ni yule aitwaye jongoo mchanga. Hupasuliwa, hutolewa matumbo, huchemshwa, hukwanguliwa ule unga wa chokaa mgongoni, huchemshwa tena na kuanikwa hadi awe mgumu kama kuni. Wa sahani ya shangazi nilimlowesha siku tano, nikibadilisha maji kila siku na kuweka mafuta mbali, maana humharibu. Kisha nikampika polepole kwa mchuzi wa kuku, sosi ya soya na vitunguu vya majani, kama wanavyompika Shandong. Yeye mwenyewe hana ladha; hunywa ladha ya mchuzi. Mdomoni huteleza kama kongoro lililokesha jikoni. Shangazi alikula vipande viwili kwa wali, akasema mchuzi ni mzuri.

Mimi nilimpenda. Na nilipomaliza kula nilipata huzuni, kwa sababu jongoo anapungua. Tanzania Bara ilipiga marufuku uvuvi wake miaka ya 2000; Zanzibar haikufunga. Jongoo hana mbio wala meno. Dume na jike humwaga mbegu na mayai majini, kwa hiyo wakibaki wachache, tena kila mmoja mbali na mwenzake, hawazai hata kama hakuna anayewavua. Naye ndiye anayekula mchanga na kuusafisha, kazi ambayo hakuna samaki atakayeichukua.

Beit el Ras, Unguja, kipo kituo cha kutotolea vifaranga vya jongoo, kilichojengwa kwa msaada wa FAO na Korea Kusini, ili wafugwe baharini kama mwani unavyolimwa. Hilo ni jambo jema, lakini vifaranga hao hawatatosha ikiwa wa mwituni tutawamaliza. Ndugu mvuvi wa Wesha, ukimkuta mdogo bamvua lijalo, mwache mchangani akue, azae.