Samaki wa Maji Haba

Mliosoma nami mnakikumbuka kile kijito cha chini ya mabweni, kitokacho Mlima Kenya. Kila kiangazi maji yalipopungua, trauti walibanana katika dimbwi moja, nasi tukawazoa kwa ndoo na kujisifu kuwa wavuvi hodari. Samaki hao waliletwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Asili yao ni mito ya bahari ya Pasifiki, ambako wako ndugu zao wanaokwenda kukulia baharini na kurudi mtoni kutaga. Marekani huitwa steelhead.

Nimesoma habari zao katika mto North Umpqua, jimbo la Oregon. Steelhead wa kiangazi huingia mtoni maji yakiwa haba, wakangoja miezi mingi kabla ya kutaga, wakijihifadhi katika vilindi vya maji baridi. Kilindi kimoja cha kijito cha Steamboat wenyeji walikipa jina la Shimo la Baruti, kwa kuwa majangili walikuwa wakikilipua. (Ndoo zetu zilikuwa na afadhali, ila si kubwa.)

Mwaka 1952 sehemu ya mto huo ikatengwa kwa wavuao kwa nzi wa bandia tu, yaani ndoana iliyofungwa uzi na manyoya ifanane na mdudu. Maji yakipungua, mvuvi wa namna hiyo hutumia ndoana ndogo, huamka alfajiri na kurusha mshipi toka mbali, maana samaki humwona. Ni ustaarabu mzuri, lakini kwa maoni yangu uliwachelewesha. Walibishana juu ya ndoana huku magogo yakishushwa kutoka kandokando ya vijito. Kivuli kikiondoka maji hupata joto, na maji ya joto yana hewa chache kwa samaki.

Mmoja aliyelipigia kelele jambo hili ni Frank Moore, aliyekuwa mwenye nyumba ya wageni pale mtoni, askari wa zamani aliyetua Normandy mwaka 1944. Filamu ya Pass Creek ya mwaka 1968 ilionyesha uharibifu huo, na mwaka 1971 Oregon ikatunga sheria ya ukataji miti. Hata hivyo, mwaka 2021 samaki waliorudi walikuwa wachache mno, na kuanzia Agosti uvuvi ukafungwa, hata kwa nzi wa bandia.

Februari nilipita shuleni. Wavulana wawili walisimama juu ya jiwe letu, wana ndoo. Niliwauliza miti ya ukingoni ilikwenda wapi. Wakanijibu kwa adabu, "Mzee, miti gani?"