Siri Chini ya Uso wa Saa

Tarehe 10 Machi 2009, katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani jijini Washington, fundi alifungua saa ya mfukoni ya dhahabu iliyokuwa mali ya Rais Abraham Lincoln. Ombi lilitoka kwa kilembwe wa fundi saa mwingine, Jonathan Dillon, mhamiaji kutoka Ireland. Mwaka 1906, akiwa mzee wa miaka 84, Dillon aliliambia gazeti la New York Times kisa cha Aprili 1861: alikuwa akiitengeneza saa hiyo pale habari zilipofika dukani kwamba Ngome ya Sumter imeshambuliwa na majeshi ya majimbo yaliyoasi. Akautoa uso wa saa, akachora ujumbe kwenye bati la ndani, akaufunika, na saa ikarudishwa kwa mwenyewe.

Maandishi yalikutwa palepale, yakiwa na jina na tarehe, ingawa maneno hayakulingana na yale aliyoyakumbuka mzee. Kulikuwa na jambo jingine. Fundi wa baadaye alikuwa ameongeza jina lake na mwaka 1864, na pembeni lilisomeka jina la Jefferson Davis, kiongozi wa majimbo yaliyoasi. Siri ambayo rais aliibeba mfukoni ilikuwa imeshaonwa na mafundi.

Miezi miwili tu kabla ya saa hiyo kufunguliwa, tarehe 3 Januari 2009, mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Bitcoin ulianza kazi, na pamoja nao ukaja mzigo mpya wa kuficha. Mwenye sarafu hizi hana benki ya kumtunzia. Ana ufunguo wa siri, yaani namba kubwa yenye biti 256. Anayeujua anahamisha mali, na aliyeupoteza hana dirisha la kwenda kulalamika. Tangu 2013 ukaenea utaratibu wa kuandika siri inayozaa ufunguo huo kwa maneno 12 au 24 yanayochaguliwa katika orodha ya maneno 2,048. Orodha hiyo imepangwa ili herufi nne za mwanzo zitoshe kulitambua neno lolote. Kwa hiyo maneno 12 huhitaji herufi zisizozidi 48, ambazo mchoraji hodari anaweza kuzipanga kwenye bati la saa na nafasi ikabaki.

Ufundi wa kuchora kitu kisichoonekana ulikuwapo zamani. Abraham-Louis Breguet, mzaliwa wa Neuchâtel aliyefanya kazi Paris, alichoshwa na watu waliouza saa bandia kwa jina lake. Kuanzia mwaka 1795 hivi alianza kuweka saini ya siri juu ya uso wa saa, karibu na tarakimu ya 12, ikichorwa kwa ncha kali inayoongozwa na pantografu, kifaa cha kunakili michoro. Mwanga ukipiga moja kwa moja, uso ni mweupe mtupu. Ukiinamisha saa hadi mwanga ukaupitia kwa upande, jina linajitokeza. Ni kazi ya kustaajabisha, kwani haikuhitaji kemikali wala kifuniko, ila pantografu na mkono mtulivu tu.

Mwaka 2018 kampuni ya Uswisi ya A. Favre & Fils ilitangaza mpango wa saa ya mitambo yenye pochi ya sarafu za kidijitali ndani yake. Mwaka uliofuata kampuni ya Franck Muller, ya Genthod karibu na Geneva, ikatoa saa iitwayo Encrypto. Toleo lake linalofanya kazi kama pochi lina msimbo wa QR uliochorwa kwa leza usoni, lakini msimbo huo ni anwani ya kupokelea fedha, ambayo kila mtu anaweza kuiona bila madhara. Ufunguo wa siri ulikaa kwenye flashi iliyofungwa, mbali na mkono.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Saa ya mitambo hufunguliwa kila baada ya miaka michache ili ioshwe na kutiwa mafuta mapya, na kwa desturi ya kazi mafundi wengi hukwaruza alama zao ndani ya mfuniko wa nyuma. Anayeficha ufunguo mzima chini ya uso amemkabidhi fundi hazina yake. Kuchomeka chipu nako kuna kasoro: saa inayotunzwa huvuka karne, chipu haina umri huo.

Njia bora zaidi ilitolewa mwaka 1979 na mwanahisabati Adi Shamir, aliyeonyesha jinsi ya kuigawa siri vipande vitatu, kwa mfano, ambapo viwili vyovyote huirudisha nzima na kimoja peke yake hakielezi chochote. Kampuni ya Trezor ya Ucheki iliuingiza utaratibu huo katika pochi zake mwaka 2019. Mbunifu wa saa akiufuata, kipande kimoja huchorwa juu ya uso kwa mtindo wa Breguet, cha pili hubaki nyumbani, cha tatu hukaa kwa wakili pamoja na wosia. Fundi anayeiosha saa anaweza kukisoma kipande hicho chote na asipate hata senti, na mrithi mwenye saa na wosia hahitaji kuvunja kitu.