Jina Moja, Vipimo Viwili

Wakulima wa Kibaigwa mwajua: gunia la kawaida na gunia la lumbesa yote huitwa gunia, lakini uzito si mmoja. Kompyuta nazo zina jambo hilo.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa diski ya kwanza ya kompyuta, ya kuhifadhi herufi milioni 5. Wenye kuunda diski huhesabu kama sisi: kilo ni 1,000. Lakini kompyuta kwa ndani huhesabu kwa mbili. Anza na 1, ongeza maradufu mara kumi: 2, 4, 8, hata ufike 1,024. Mafundi wakaiita hiyo pia kilo, maana tofauti ilikuwa ndogo.

Diski zikakua, na tofauti ikakua. Giga ya kiwandani ni baiti 1,000,000,000. Giga ya programu ya Windows ni 1,073,741,824. Mwaka 1998 giga hii ya pili ilipewa jina lake, gibi, ila wengi hawakulitumia.

Basi ukinunua diski ya giga 500 na kompyuta ikaonyesha 465, usimwite mwenye duka mwizi. Ikionyesha 300, hapo udai maelezo.

Swali la darasani: diski ya giga 1,000 itaonyesha ngapi? Jibu: 931.