Ghuli na Makaburi

Ghuli adhaniwaye kuwa mfukua makaburi si yule wa Waarabu wa kale. Jina lake latokana na mzizi gh-w-l, wenye maana ya kunyakua na kuangamiza kwa ghafla. Makazi yake yalikuwa jangwani. Al-Jahiz, mwandishi wa karne ya 9, aeleza kwamba Waarabu waliita hivyo kila jini aliyewatokea wasafiri kwa maumbo mbalimbali, nao walimtaja zaidi kuwa wa kike. Al-Masudi (aliyefariki mwaka 956) aongeza kuwa miguu yake ya punda haikubadilika, umbo lolote ajivikalo. Mawindo yake ni msafiri aliye hai.

Maiti zilipata umaarufu huko Paris. Mwaka 1709 Hanna Diyab, Mmaroni wa Aleppo, alimsimulia Antoine Galland hekaya ya Sidi Numan, ambaye mkewe huenda makaburini usiku kula pamoja na ghuli. Galland aliiingiza katika tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela, ingawa haikuwamo katika hati yake ya Kiarabu. Kamusi za Kifaransa na Kiingereza zilifuata maana hiyo. Anayesoma mashairi ya kale kwa kuzitegemea huona kaburi pale ambapo mshairi alitaja jangwa tupu.