Tachpadi ya Laptopu Mpya Inahang? Cheki Hivi Vitu Kabla Umpelekee Fundi

Umenunua laptopu mpya hapa Kakamega town, stika bado ziko kwa kibodi, na siku ya tatu mshale umeanza madrama. Unasongesha kidole kulia, wenyewe unarukia kushoto. Unafungua assignment, unaganda. Unabonyeza mara tano, haskii. Kabla uanze kulia ati umeuziwa mtumba, ama ukimbilie fundi wa kwanza mwenye ako na bisibisi, tulia kidogo. Mara mingi tachpadi yenyewe iko sawa. Shida huwa stima, setingi ama draiva, na hizo zote unaweza kuzijua ukiwa kejani bila kutoa hata soo.

Lakini usilale pia. Laptopu mpya iko na waranti, na waranti ni saa inayohesabu. Ukingoja miezi ukitumaini itajitengeneza, ama fundi wa mtaa aifungue, duka litapata kisingizio cha kukukatalia. Kwa hivyo fuata huu mpango, tukianza na vitu rahisi hadi siku ya kurudi dukani.

1. Jua kwanza ni nini inahang

Omba beshte yako mausi ya waya, chomeka, tumia dakika kumi. Kama mausi pia inakwama, tachpadi haina makosa. Ni mashini nzima imelemewa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, "Task Manager" itafunguka. Angalia CPU, Memory na Disk. Kama moja imekaa karibu asilimia 100, hapo ndio kuna noma.

Laptopu mpya siku za kwanza huwa na kazi mob ya chinichini: Windows inavuta masasisho, antivirus inapekua faili, na wewe hapo juu umefungua tabo ishirini na RAM ni 4GB. Iache kwa chaji na WiFi hadi imalize, uizime, uiwashe tena.

Kama mausi inateleza fiti na ni tachpadi pekee inasumbua, endelea namba mbili.

2. Chomoa chaja

Hii ndio watu wengi huruka, na ndio hukamata wengi hapa kwetu. Tumia laptopu na betri pekee kwa robo saa. Mshale umetulia? Basi umepata jibu: tatizo linakuja na stima.

Iko hivi. Tachpadi haisikii uzito wa kidole. Inasikia umeme mdogo sana ambao mwili wako hubadilisha ukigusa pale juu. Chaja ikileta umeme wenye kelele, tachpadi inachanganyikiwa, inadhani kuna vidole vitatu mahali kuna kimoja. Mshale unaruka, unaganda, ama unabonyeza vitu wenyewe. Wengine pia huskia kama wanatekenywa wakigusa bodi ya chuma. Hizo mbili mara nyingi hutoka kwa chanzo kimoja.

Kazi ya kuondoa hiyo kelele ni ya waya wa ardhi, ile watu wa stima huita "earth". Kenya tunatumia plagi ya miguu mitatu, na ule mguu mrefu wa juu ndio wa ardhi. Sasa cheki chaja yako. Laptopu nyingi huingia nchini na plagi ya miguu miwili ya duara, halafu duka linakupatia adapta ya kuifanya iingie kwa soketi yetu. Adapta nyingi za bei ya chini mguu wao wa juu ni plastiki tupu. Kazi yake ni kufungua tu matundu ya soketi. Waya wa ardhi hauna mahali pa kupitia.

Suluhisho: kama brikisi ya chaja yako iko na matundu matatu, nunua kebo ya miguu mitatu ya Kenya, ile maduka mengi huita "flower" juu ya shape yake. Bei yake ni ya mamia, haifiki thao nyingi. Hakikisha mguu wa juu ni wa chuma. Kama chaja ina matundu mawili pekee, haina ardhi kabisa, so jaribu chaja nyingine original ya kampuni hiyo na nguvu ileile.

Ukishabadilisha kebo na bado kuna kelele, chunguza soketi. Toa ile extension ya bei ya jioni, chomeka moja kwa moja ukutani. Halafu peleka laptopu na chaja yake mahali pengine, labda maktaba ya MMUST ama kwa beshte anakaa ploti tofauti. Ikifanya poa huko na isumbue kwako tu, pengine ploti yenu haina waya wa ardhi uliofungwa vizuri. Usiguse hizo nyaya mwenyewe. Ambia keateka ama landlord alete fundi wa stima mwenye ako na leseni ya EPRA. Hiyo si ya laptopu pekee, ni usalama wenu nyote.

Na tukiwa hapo kwa stima: hii sehemu ya Ziwa Victoria ni kati ya zile hupigwa na radi sana duniani, na mtu wa Kakamega hahitaji kuambiwa mvua ya saa kumi inakujaje. Ukiskia ngurumo, chomoa chaja kabisa ukutani. Kuzima swichi pekee haitoshi.

3. Cheki mikono na plastiki

Tachpadi haipendani na maji wala mafuta. Ukitoka kukula ingokho ama chips za Lurambi na uingie moja kwa moja kwa laptopu, itakuonyesha mambo. Jasho na losheni pia. Izime, chukua kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu, panguza, kausha.

Kama bado hujatoa plastiki ya kiwandani juu ya tachpadi, itoe leo. Najua inakaa smart, lakini hewa ikiingia chini yake kidole kinasomwa vibaya.

4. Setingi zinazodanganya watu

Kama mshale umeganda kabisa, kibodi itakuokoa. Bonyeza alama ya Windows pamoja na I, "Settings" itafunguka. Songa na Tab na mishale ya kibodi, chagua na Enter. Kwa Windows 11, enda "Bluetooth & devices", halafu "Touchpad". Hapo cheki vitu vitatu.

Ya kwanza, swichi ya tachpadi iko on? Laptopu nyingi ziko na kitufe hapo juu kwa F1 hadi F12 chenye picha ya tachpadi. Kidole kikiteleza hapo, imezimwa na hujui. Ibonyeze tena, wakati mwingine pamoja na Fn.

Ya pili, kuna mahali pameandikwa "Leave touchpad on when a mouse is connected". Kama hakuna tiki hapo, tachpadi itajizima kila ukichomeka mausi. Na hapa ndio kuna mtego: ile kidude kidogo cha mausi isiyo na waya kikibaki kwa tundu la USB, laptopu inaweza kudhani mausi bado iko, hata kama uliiacha kwa keja ya beshte.

Ya tatu, "Touchpad sensitivity", iko chini ya "Taps". Windows hupuuza tachpadi kwa muda mfupi ukichapa, ndio kiganja chako kisisongeshe mshale. Kama tatizo lako ni kwamba inaganda ukiwa unaandika tu, ama ukicheza gemu ukitumia kibodi na tachpadi pamoja, hiyo si hitilafu. Weka "Most sensitive" uone tofauti.

5. Draiva

Draiva ni programu inayofanya Windows ielewane na tachpadi. Bonyeza Windows na X, halafu M. "Device Manager" itafunguka. Tafuta "Human Interface Devices", ndani yake kuna "I2C HID Device" ama jina linalofanana na hilo. Ifungue, uone kama kuna tabo ya "Power Management". Ikiwa ipo, toa tiki kwa "Allow the computer to turn off this device to save power". Hii husaidia tachpadi inayolala ukiiacha kidogo na kukataa kuamka. Si laptopu zote ziko na hiyo tabo, so usipoiona usishtuke.

Halafu enda tovuti rasmi ya kampuni iliyotengeneza laptopu, iwe HP, Lenovo, Dell ama nyingine. Weka serial namba iliyo chini ya mashini, shusha draiva ya tachpadi, ya chipset na BIOS ya model hiyo hiyo. Ukisasisha BIOS, hakikisha betri imejaa na chaja iko, na usijaribu siku stima inapotea-potea. Ikizimika katikati, laptopu inaweza kukataa kuwaka kabisa. Zile programu za kwa intaneti zinazokuahidi kurekebisha draiva zote kwa kubonyeza mara moja, ziepuke kama matatu haina breki.

Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, rudi "Device Manager", fungua tachpadi, tabo ya "Driver", chagua "Roll Back Driver".

6. Jaribu nje ya Windows

Kipimo cha mwisho. Zima laptopu. HP ikiwaka, bonyeza F2 mara kadhaa. Dell, bonyeza F12 uchague "Diagnostics". Zinajipima bila Windows kuingia. Tachpadi ikifeli hapo pia, ukiwa umechomoa chaja na mikono ni safi, sasa unaweza kusema bila wasiwasi kwamba ni hitilafu ya chombo.

Kuna ishara moja haingoji vipimo: tachpadi imeinuka, ama kubonyeza kumekuwa kugumu na bodi inapinda. Hiyo inaweza kuwa betri imefura chini yake. Kwa mashini mpya ni nadra, kwa ex-UK hutokea. Izime, usiichaji, usiikandamize, na usijaribu kutoboa. Ipeleke.

7. Kurudi dukani bila kuchezewa

Usiende mikono mitupu. Rekodi video na simu ikionyesha tatizo bila chaja. Beba risiti, meseji ya M-Pesa, boksi na chaja iliyokuja nayo. Usikubali ifunguliwe na mtu mwingine kabla hapo.

Pia, weka serial namba kwa ukurasa wa waranti wa kampuni. Utaonyeshwa waranti ilianza lini. Kama uliuziwa "mpya" na waranti ilianza miaka mitatu iliyopita, hiyo ni stori tofauti na tachpadi, na uipige screenshot.

Ukiambiwa ati risiti imeandikwa bidhaa ikiuzwa hairudishwi, usirudi nyuma. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema muuzaji hawezi kuiondoa haki hiyo kwa maandishi yake. Hii haikulindi ukibadilisha mawazo juu ya rangi. Inakulinda kama chombo ni kibovu.

Andika malalamiko yako, hata kwa WhatsApp ama imeli, ukitaja tarehe ulinunua, tatizo, na unachotaka: kutengenezewa, kubadilishiwa ama kurudishiwa doo. Wakikuzungusha bado, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa na sheria ya 2016. Inasikiza kesi za hadi Sh1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Maduka mengi yakiona umeandika kwa mpangilio na una ushahidi, hayangoji mfike huko.

So leo jioni, kabla uposti kwa status ati umeuziwa takataka, chomoa chaja na uhesabu dakika kumi na tano. Hapo ndio utajua kama unaenda kununua kebo ama unaenda kudai haki yako.