Majeraha Yasiyoonekana

Wahenga walinena kwamba mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo yatufaa tutazamapo yaliyowapata watu wa mashariki ya Nairobi wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba, 1952.

Kaloleni ni mtaa uliojengwa na Baraza la Mji katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Jumba lake la mikutano lilikuwa mahali pa makutano ya chama cha KAU. Tarehe 24 Aprili, 1954, askari wapatao 25,000 waliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil. Mitaa ilipekuliwa, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na jirani zao. Zaidi ya watu 20,000 walitiwa kizuizini bila kuhukumiwa, na wake na watoto kwa maelfu wakarudishwa mashambani. Huko nako watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu, wakakazwa katika vijiji vipya chini ya ulinzi.

Mwaka huo huo Dakta J. C. Carothers, aliyewahi kuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliiandikia serikali kitabu juu ya Mau Mau. Alidai kwamba chanzo cha uasi kilikuwa fadhaa katika akili ya Mwafrika. Tena aliviunga mkono vijiji vile. Basi, ugonjwa ulitafutwa katika akili ya mtu aliyedai ardhi yake, wala hofu ya mama aliyechomewa nyumba haikutafutiwa dawa.

Je, watu hao walisimamaje tena? Walisaidiana. Baada ya uhuru wa 1963 wanawake wa Mkoa wa Kati waliunda vikundi vya mabati, wakachanga fedha na kuezekeana nyumba kwa zamu. Lakini simulizi yao ilikosa pa kusemwa, kwa kuwa marufuku ya Mau Mau, iliyowekwa mwaka wa 1950, haikuondolewa hata 2003. Tarehe 6 Juni, 2013, Uingereza ilitamka majuto yake, ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9.

Fedha hizo hazikuweza kurudisha miaka iliyopotea. Hata hivyo, aliyeteswa hupata nafuu maumivu yake yakubaliwapo kuwa kweli. Ndiyo maana yatupasa kuwauliza wazee wetu kwa upole, na kuwasikiliza hata mwisho.