Mizani Mbili za Disketi Moja

Swali linalonishughulisha katika utafiti wangu wa uzamili ni jepesi kuuliza: disketi ya inchi 3.5 ingechukua muda gani kupita kwenye laini ya simu ya kidijitali?

Disketi inauzwa kama MB 1.44, lakini ndani yake mna baiti 1,474,560, yaani 1,440 mara 1,024. Kompyuta huhesabu kwa vizidisho vya mbili, ndiyo maana ya ile 1,024. Juu yake ikapandishwa elfu ya kawaida. Kwa hiyo mega hii ni chotara.

Watu wa simu walianzia kwenye sauti ya binadamu. Laini yao ilibeba mawimbi yasiyofika hezi 4,000, hivyo waliipima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kikipewa nafasi ya biti 8. Jumla ni biti 64,000, na kilo yao ni elfu kamili. Marekani ilikusanya njia 24 za namna hiyo, ikaziita T1, zikaanza kazi mwaka 1962. Ulaya ilikusanya 32, zikawa E1.

Sasa zidisha baiti zile kwa 8, kisha gawanya kwa 64,000. Utapata sekunde 184. Anayesahau kuzidisha kwa 8 atatarajia sekunde 23, kisha atalalamika kwamba kaibiwa.

Malalamiko hayo tunayo hata leo: bando tunanunua kwa GB, kasi tunatangaziwa kwa Mbps. B kubwa ni ya watu wa kompyuta. B ndogo imetoka kwenye simu. Kabla ya kugombana na muuzaji, gawanya kwanza kwa nane.